AFYA YA FAMILIA: Mkono wa mtoto, altrasaundi na vidole vitano

Mvua zimetuletea maembe, na maembe yametuletea kazi. Kila msimu kama huu watoto wetu wanageuka nyani, wanashinda juu ya miti, na kila msimu kuna mikono inayovunjika. Kwa hiyo mwezi huu safu yetu haitasema habari za malaria wala za kuhara. Tutaongea juu ya mkono wa mtoto uliovunjika, na juu ya kile chombo ambacho wengi wetu tunajua ni cha wajawazito tu.

Naanza na yaliyonikuta mimi mwenyewe. Ukiandika mambo ya afya bila kusema ya nyumbani kwako, watu wanasema unawahubiria.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni. Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia kishindo, halafu kimya. Mama yeyote anajua kile kimya. Mtoto akilia mara moja una nafuu, ila akinyamaza moyo unaruka. Mwanangu wa miaka saba alikuwa chini ya mwembe, ameshika mkono wa kushoto kama ameshika yai. Alianguka akajikinga kwa kiganja. Mkono haukuwa umepinda, hapakuwa na kidonda, lakini juu kidogo ya kifundo cha mkono palianza kuvimba.

Majirani wakaja, na ushauri ukaja nao. Bibi mmoja alisema tukande kwa maji ya moto na chumvi. Mwingine akasema tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa. Kijana mmoja akasema eti ni kuteguka tu, avutwe mara moja utasikia "ka", atapona. Mimi mwenyewe nimehudumu miaka kadhaa kama mhamasishaji wa afya, lakini siku ile kichwa kilikuwa kitupu. Nilichokumbuka ni kufunga kitenge shingoni mwake, mkono ukae humo, tukaenda.

"Daktari, huyu ni mtoto wa kiume!"

Tulipofika, daktari wa zamu akamgusa taratibu, akamwambia achezeshe vidole, akabonyeza kucha. Halafu akaleta kile kipande kidogo chenye waya, kimechomekwa kwenye simu, pamoja na chupa ya jeli. Nilikijua, ni kile kinachopita juu ya tumbo la mjamzito. Nikasema bila kufikiri, "Daktari, huyu ni mtoto wa kiume!" Watu wote chumbani wakacheka, hata mgonjwa mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Daktari hakukasirika. Akasema, "Mama, njoo uone." Alipaka jeli, akakiweka juu ya mkono ule mzima kwanza. Kwenye kioo ukaonekana mstari mweupe, umenyooka kama ukingo wa rula. "Huo ni uso wa mfupa," akasema. Kisha akahamia mkono unaouma, bila kukandamiza. Mstari ule ule, lakini mahali pamoja ulikuwa umebonyea na kufanya kituta. Mtoto hakupiga kelele hata mara moja.

Hata mimi nisiye daktari niliuona ule mstari. Tangu siku ile niliamua nitaandika habari hii.

Chombo hiki kinafanyaje kazi?

Ndugu zetu waliosoma Kifaransa huko Kongo na Burundi wanaita ekografi. Wengine tunasema altrasaundi. Ni sauti, siyo mionzi. Simama mbele ya mlima upige kelele, mlima unakurudishia sauti yako. Popo naye anaruka usiku kwa njia hiyo hiyo: anatoa sauti, anasikiliza inavyorudi, anajua ukuta uko wapi. Chombo hiki kinatoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inapita kwenye ngozi na nyama, ikigonga kitu kigumu inarudi, na mashine inachora picha.

Hata asili yake haikuwa ya wajawazito. Daktari Ian Donald wa Glasgow, huko Scotland, aliyetangaza kazi yake mwaka 1958, alianzia kwenye mashine za viwandani zilizokuwa zinatafuta nyufa ndani ya vyuma. Ikiwa mashine ilianza kwa kutafuta ufa wa chuma, tusishangae leo ikitafuta ufa wa mfupa.

Eksirei, ambayo wenzetu wa Kifaransa wanaita "radio" (na kuna bibi aliwahi kuuliza kwa nini mkono upelekwe radioni, utatangazwa?), ni ya zamani zaidi. Iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Hiyo inapita mfupa wote na kuuonyesha mzima. Altrasaundi haioni ndani ya mfupa, inaona uso wake tu. Lakini mfupa wa mtoto ukivunjika karibu na kifundo cha mkono, kwa kawaida uso nao unaharibika: unabonyea, unapinda, au unafanya ngazi.

Hapo lazima tuelewe kitu kuhusu mifupa ya watoto. Mfupa wa mtu mzima ni kama kuni kavu, ukivunjika unakatika. Wa mtoto ni kama kijiti kibichi. Mara nyingi unapinda au unabonyea upande mmoja bila kukatika, kama chupa ya plastiki uliyoikandamiza. Mbonyeo wa namna hiyo ndio aliokuwa nao mwanangu. Unauma, ila hauhami, na unapona wenyewe kwa wiki chache.

Je, imehakikishwa?

Swali zuri, na tusikubali jambo la mwili wa mtoto kwa sababu tu mashine ni mpya. Huko Australia, katika jimbo la Queensland, madaktari walichukua watoto 270 wa miaka 5 hadi 15 walioumia sehemu hiyo ya karibu na kifundo, mikono yao ikiwa haijapinda. Kwa bahati nasibu nusu walianza na altrasaundi, nusu walianza na eksirei. Wale wa altrasaundi, kama mfupa ni mzima au umebonyea tu, hawakupelekwa eksirei. Kama kuna mvunjiko wa namna nyingine, walipelekwa. Baada ya wiki nne wakaangalia watoto wanavyotumia mikono yao: kuvaa, kufungua mfuniko, kuandika. Makundi yote mawili yalikuwa sawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023.

Sasa tafakari maana yake kwetu. Australia eksirei iko chumba cha pili. Sisi tukiambiwa eksirei ya nje ya kambi, tunahitaji karatasi ya rufaa, gari, kibali, na mtu wa kubaki na watoto wengine. Siku mbili zinaweza kupita. Ikiwa chombo kinachoingia mfukoni kinaweza kusema "huyu hahitaji safari, yule aende leo leo", basi gari litampata anayelihitaji kweli.

Tena kazi yake haiishii kutazama. Mfupa ukihama lazima uvutwe urudi mahali pake. Daktari aliyefundishwa anaweza kutumia altrasaundi kuona mshipa wa fahamu, akapiga sindano ya ganzi karibu nao, mkono ukalala kabla ya kuvutwa. Akishavuta, anaangalia tena: je, ule mstari mweupe umenyooka? Kama bado, anarekebisha mtoto akiwa bado hasikii maumivu, kabla plasta ngumu haijakauka.

Mipaka yake

Nisije nikawapeleka kwa daktari mkamlazimisha: "Gazeti limesema altrasaundi!" Hapana. Chombo hiki kina mipaka, na mzazi aijue.

Kwanza, kinahitaji mikono iliyofundishwa. Mtu aliyezoea kuangalia mimba hawezi kuamka asubuhi akasoma mifupa bila mafunzo. Asipokuwapo aliyefundishwa, eksirei ndiyo njia.

Pili, kiwiko. Mtoto akiangukia mkono akavimba kiwiko, hiyo ni habari nyingine. Pale mshipa mkubwa wa damu unapita karibu kabisa na mfupa, na ukivunjika juu kidogo ya kiwiko damu inaweza kuzibwa isifike kiganjani. Altrasaundi inaweza kuonyesha dalili, lakini usikubali kiwiko kilichovimba kiishie hapo. Eksirei inahitajika.

Tatu, mkono uliopinda waziwazi, au wenye kidonda mahali palipovunjika, hata kama ni tundu dogo kama la msumari. Huyo aende haraka. Kidonda kinaingiza uchafu hadi kwenye mfupa, na mtoto anahitaji dawa ya kuua vijidudu na kinga ya pepopunda.

Na kama daktari anaagiza eksirei, usikatae kwa hofu ya mionzi. Picha ya mkono inatumia mionzi kidogo sana. Mvunjiko usioonekana ndio wa kuogopa.

Jambo ambalo mashine haiwezi kufanya

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mama mwenye mtoto huyu ameniruhusu kusema, bila majina.

Miaka kadhaa nyuma, kabla sijawaza habari za altrasaundi, binti wa jirani yetu wa miaka tisa alivunjika mkono. Wazazi waliogopa safari na foleni, wakampeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee huyu ni mtu wa heshima, amewasaidia wengi, na hakutaka hata senti. Akamfunga vijiti vya mianzi na kamba, akaukaza vizuri "ili mfupa usitembee". Hiyo ilikuwa asubuhi.

Saa sita mchana nilikutana na yule binti bombani na mama yake. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi, vina weusi wa ajabu. Analia kilio cha chini chini. Niliona. Moyo uliniambia sema. Lakini nikafikiri, mimi ni nani nimsahihishe mzee mbele za watu? Mama mwenyewe akasema, "Mfupa ukiungwa lazima uume." Nikanyamaza, nikachota maji, nikaenda.

Jioni nyanya yake alirudi kutoka kwenye mgao. Huyo hakuuliza mtu. Alishika vile vidole, akakuta baridi, akachukua kisu akakata kamba zote, akambeba mgongoni hadi hospitali. Walimpasua mkono usiku ule ule ili kutoa mgandamizo. Mkono ulibaki. Ila mpaka leo vidole viwili havinyooki, na kalamu anaishikilia kwa mkono mwingine.

Ndugu zangu, mfupa wenyewe ulipona vizuri. Nyama ndizo zilizokosa damu, kwa sababu ya kamba, na kwa sababu watu wazima waliona wakanyamaza. Mmoja wao ni mimi.

Simlaumu mzee peke yake. Hata plasta ngumu ya hospitali, ile wengine wanaiita hogo, inaweza kubana mkono ukiendelea kuvimba ndani yake. Ndiyo maana nasema: altrasaundi inaona mfupa leo, lakini usiku wa manane, nyumbani, chombo cha kuangalia ni macho yako, na kioo chake ni vidole vitano vya mtoto.

Mtoto akianguka leo, fanya hivi

1. Mtulize, na uache mkono ulivyo. Usiuvute, usiukande, usiupake mafuta ya moto.

2. Vua bangili, pete, shanga na uzi wowote mkononi mapema, kabla uvimbe haujavibana.

3. Utegemeze. Kipande cha boksi kilichokunjwa na kitenge shingoni vinatosha. Funga kwa ulegevu, kidole chako kiweze kupita chini ya kitambaa.

4. Kama una panadol, mpe kwa kipimo cha umri na uzito wake.

5. Kama mkono umepinda, usimpe chakula njiani. Huenda watahitaji kumlaza usingizi ili waunyooshe.

6. Kama kuna kidonda, funika kwa kitambaa safi na uende mara moja. Usirudishe mfupa ndani.

7. Mweleze daktari ukweli: alianguka lini, kutoka wapi, na kama kuna mtu ameshauvuta au kuufunga. Hatakugombeza, na kama atakugombeza, mkono wa mtoto ni mkubwa kuliko aibu yako.

Akisharudi na bandeji au plasta

Siku mbili za kwanza mkono ukae juu ya mto au nguo zilizokunjwa. Angalia vidole asubuhi, mchana, jioni, na ukiamka usiku. Linganisha na mkono mwingine. Je, vina joto? Vinacheza? Anasikia ukivigusa? Bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, halafu achia: rangi irudi ndani ya muda wa kusema "moja, mbili".

Rudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona vidole ni baridi, vimepauka au vina weusi wa bluu; akisema vina ganzi; maumivu yakizidi ingawa amepewa dawa; au akipiga kelele ukivinyoosha taratibu. Usisubiri kuche, maana nyama zinaweza kuanza kufa kwa saa chache tu. Kama amefungwa vijiti au kitambaa, legeza kwanza ndipo mwende.

Maswali yenu

*Mama mmoja ameuliza: Mwanangu alipimwa akaambiwa mfupa umebonyea, lakini amepewa bandeji laini tu. Wametudharau kwa sababu sisi ni wakimbizi?*

Hapana, mama. Uingereza walijaribu jambo hili kwa watoto 965 wenye mbonyeo wa namna hiyo, katika hospitali 23. Kundi moja lilipewa bandeji laini, lingine kifaa kigumu. Maumivu baada ya siku tatu yalikuwa sawa, na kupona kulikuwa sawa. Hayo yalitangazwa mwaka 2022. Kwa mbonyeo, bandeji siyo dharau. Kwa mvunjiko wa namna nyingine ni tofauti, kwa hiyo muulize daktari: "Ni mbonyeo, au umekatika?" Una haki ya kuuliza na kujibiwa kwa lugha unayoielewa.

*Baba mmoja ameuliza: Altrasaundi inauma?*

Jeli ni baridi, na kuna mguso mwepesi. Mtoto anaweza kupakatwa na mzazi wake muda wote. Akilia kwa maumivu, mwambie daktari apunguze kukandamiza.

*Kijana wa zoni yetu ameuliza: Kama mkono umevimba lakini vidole vinacheza, si maana yake haujavunjika?*

Siyo kweli, mdogo wangu. Mwanangu alichezesha vidole vyote vitano na mfupa ulikuwa na mbonyeo. Kucheza kwa vidole kunatuambia habari za damu na mishipa. Habari za mfupa wapimwe na aliyefundishwa.

Neno la mwisho

Mwanangu alikaa na bandeji yake wiki tatu. Wiki ya nne nilimkuta chini ya mwembe ule ule, anautazama. Nikamwambia, "Thubutu!" Akasema, "Mama, nilikuwa nahesabu tu." Basi, tuwafundishe kuangusha maembe kwa upondo, ingawa najua hawatasikia.

Kwa wazee wetu wanaounga mifupa: heshima yenu iko pale pale. Tunawaomba mambo mawili. Msikaze, na mtoto wa kiwiko, wa kidonda au wa mkono uliopinda mwambieni mama yake, "Huyu mpeleke hospitali." Neno hilo likitoka kwenu, watu watalifuata kuliko likitoka kwangu.

Na kwako jirani, ukikutana bombani na mtoto mwenye vidole vilivyovimba na kuwa vyeusi, usichote maji ukaenda. Sema. Bora mzee akukasirikie wiki moja kuliko mtoto akose vidole maisha yake yote.

Tuandikieni maswali yenu, mwapatie wahamasishaji wa afya wa zoni zenu. Mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda, kaeni salama na mtunze watoto.